Silaha za Watu wa Matawini

Jumatatu, 4 Machi
Amerudi! Si kazini, ila amerudi. Mtunzi ameingia leo katika duka letu la kadi na kurasa za kitabu chake cha picha. Tangu aache kazi hapa, mezani pake pamewekwa mashine ya kukatia karatasi. Huwa naisalimia kila asubuhi. Haijibu, lakini hata Mtunzi alikuwa mkimya asubuhi.

Kitabu kinahusu watu-sokwe, taifa zima linaloishi juu ya miti, likiruka kutoka tawi hadi tawi. Vita vinawajia na hawana silaha. Ametuomba wachoraji wa duka, yaani mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani, tumbunie silaha hizo. Atakayepatia atamalizia naye kitabu. Meza moja, miezi mizima! Miwani ametikisa kichwa taratibu kama mtu anayefikiri. Ni shingo tu, anayo ndefu.

Mimi ni mchoraji wa kadi za harusi. Silaha sijawahi. Lakini ua na mkuki vina tofauti gani? Vyote vina bua.

Jumanne, 5 Machi
Nimechora rungu lenye miiba, upanga wa kushikwa kwa mikono miwili, na ngao pana kama mlango. Shujaa nimempa pua yangu, ili Mtunzi aizoee.

Dada, ambaye naishi kwake, amechungulia huku akimenya vitunguu. Akasema kama namtaka huyo binti wa watu nimwambie kwa mdomo, rungu la nini. Nikamjibu kuwa moyo hauna haraka. Akasema moyo hauna, ila miaka inayo.

Vitunguu vilinitoa machozi. Vitunguu kabisa.

Jumatano, 6 Machi
Mtunzi ametazama upanga wangu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kama mikono yote miwili imeshika upanga, tawi linashikwa na nini.

Nikamwambia linashikwa na imani.

Akacheka! Kicheko kile kile kinachoanzia puani. Nimetembea nacho mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Nilipofika mlangoni ndipo nikagundua kwamba nilichekwa.

Miwani kampelekea mkuki mfupi wa kushikwa kwa mguu. Sokwe hushika vitu kwa miguu, nani asiyejua? Mimi sikujua.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata silaha! Ni kulabu kwenye mpini wa ufagio, na kamba imefungwa nyuma. Adui akikimbia, unamnasa, unamvuta, anarudi ulipo. Nimeiita Rudi.

Makaratasi yalishaniaibisha, kwa hiyo leo nikaamua kumwonyesha Mtunzi kwa vitendo. Mchana, alipokuwa akipita uani, nikajiachia, Rudi mkononi, kutoka kwenye mti ulio nyuma ya duka. Rudi akanasa mkanda wa suruali yangu. Nikabaki nikining'inia kichwa chini kama popo mwenye madeni.

Bosi alileta ngazi. Aliyenipokea ni Miwani, adui yangu, kwa uangalifu kama anashusha kioo cha dirisha. Hata kunibwaga kidogo hakutaka, nipate cha kumchukia.

Mtunzi akanifuta majani usoni kwa leso yake. Inanukia wino. Kama si macho ya watu, ningepanda tena.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuki wa Miwani ndio uliochaguliwa. Ila hakuna meza moja kwa yeyote. Wachapishaji wanamtaka Mtunzi akamalizie kitabu kwao, mji wa mbali, na anahama Jumatatu. Miwani atatuma michoro kwa barua pepe.

Mtunzi alinikuta nikiikunja ile kamba. Akakaa karibu yangu, akauliza ni silaha gani hii, inayomrudisha adui badala ya kumfukuza. Maneno yote nilikuwa nayo. Yalikuwa yamejipanga mdomoni kama watu mlangoni. Nikasema inafaa pia kwa kuangua matunda.

Kisha akasema, “Siku niliyoacha kazi hapa, nilingoja mpaka jioni uniambie nibaki. Ukanisaidia kubeba boksi.”

Nikamwuliza kama boksi lilifika salama.

“Lilifika,” akasema. Akanigusa bega, akaondoka.

Lilikuwa zito lile boksi. Nililibeba mpaka kituoni bila kupumzika, nikidhani anaona.

Jumamosi, 9 Machi
Sikutoka. Dada ameniletea chai chumbani bila kusema neno. Kwake hiyo ni hotuba. Nimeapa mbele yake: kuanzia leo, la moyoni nitalisema kwa mdomo, bila mchoro wala kamba.

Jumapili, 10 Machi
Amepiga simu! Mwenyewe! Alikuwa akifunga mizigo. Akasema anaondoka kesho asubuhi, ametaka tu kuniaga. Kisha akauliza, polepole, “Huna neno la kuniambia kabla sijaenda?”

Nilimsikia akipumua. Alingoja. Dada alikuwa ameacha kupiga pasi, naye akingoja. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, nikamwuliza kama watu-sokwe wana kofia za vita.

Akasema hapana, hawana. Akanitakia kila la heri. Dada amerudia pasi yake, kwa nguvu kidogo.

Hawana kofia! Taifa zima liko vitani vichwa wazi, na Miwani hajaliona hilo! Nimeshachora ya kwanza. Inafunika masikio na ina mkanda wa kidevuni. Nitaituma kesho. Akiiona hii ataelewa mwenyewe, wala sitahitaji kusema neno.