Mkono Nyuma ya Shuka

Kwa Meneja wa Jumba la Sinema,

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nafua nguo za watu, na shule sikukaa sana, kwa hiyo nikikosea unisahihishe kwa upole. Jumamosi mlituonyesha ile filamu ya mwana wa mfalme aliyepofushwa na mchawi. Nililia, mtoto akalia, hata mume wangu, fundi viatu, akasingizia vumbi jichoni. Lakini nina malalamiko.

1. Mwana wa mfalme anavuka kinamasi, analala msituni, anapigana na joka, na kanzu yake bado nyeupe pepepe. Usione vyaelea, vimeundwa. Nani alimfulia? Kama ni sabuni, naomba jina lake. Kama ni uchawi, naomba kidogo, niutumie Jumatatu, siku ya mashuka.

2. Anausimamisha mwezi ili usiku uwe mrefu, akae na mpenzi wake. Ndugu Meneja, mwanangu anaota meno. Usiku nilio nao unanitosha, na mwingine naweza kuwagawia.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wanawake mia wanapitisha mikono kwenye pazia, na yule kipofu anaushika mmoja tu na kusema, "Huyu ndiye wangu." Nikasema moyoni, wangu naye hashindwi. Jumapili nikamlaza mtoto, nikatundika shuka mlangoni, tukapitisha mikono mitatu: wangu, wa wifi yangu na wa mama mkwe. Mume wangu akaugusa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi mwanzo, akafikiri kama anayechagua ngozi ya soli. Kisha akaukumbatia wa mama yake. "Huu hapa! Laini kama pamba!"

4. Tangu hapo wifi ananiita Msasa. Mama mkwe naye, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hashiki tena hata kijiko, eti asiuharibu mkono. Anawaambia majirani, "Mwanangu ananijua," wakati hakumjua! Na mimi nikimpelekea mume wangu chai naiweka mezani nakimbia, mikono kwapani. Tuna miaka mitatu ya ndoa, Ndugu Meneja, na sasa sijui kama aliyeolewa ni mimi, au ni mwanamke yeyote aliyekuwa karibu siku ile.

Kwa hiyo naomba filamu irekebishwe, mwana wa mfalme akosee angalau mara mbili, tena mara moja amshike shangazi yake. Mlangoni mbandike tangazo kwamba mambo haya yasijaribiwe na watu waliooana. Ikishindikana, mleteni huyo mwana wa mfalme kwetu siku tatu. Yeye atamfundisha mume wangu kutambua mikono, mimi nitamfundisha yeye kufua.

Nisalimie mkata tiketi, nisalimie anayeendesha mashine, na yule mama anayefagia maganda ya karanga. Mengine yalikuwa yangu, anisamehe.

Ni mimi, mwenye uchungu lakini sijakata tamaa,

Mama wa mtoto aliyelia safu ya tatu

Nyongeza: Mume wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Nilidhani atacheka. Akasema, "Mke wangu, mkono wako naujua ukiwa na mtoto, ukiwa na ndoo, ukiwa na shati langu. Mtupu sijawahi kupewa hata siku moja. Ningeujuaje?" Kisha akauomba, aujifunze polepole. Kwa hiyo madai yote yafute, ila lile la sabuni bado nasubiri. Filamu msiiguse hata kidogo, na unijulishe mtairudia lini. Usiucheke mwandiko wa hapa chini, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado hajaurudisha.