Jumlisha Yangu, Toa ya Nicanor

Jumatatu, 8 Julai

Theluji tangu alfajiri. Nimemfukuza Nicanor Paillalef jikoni mwangu, pamoja na alama yake ya kutoa. Sijuti.

Ifahamike: tangu tulipostaafu posta hapa Bariloche, kila Jumatatu tumejisomea fizikia, yeye na kitabu chake, mimi na changu, vyote vikuukuu. Kanuni ni moja: kiungo cha hesabu kinachoonyesha namna elektroni zinavyoshikamana na mitikisiko ya atomi ndani ya metali. Kitabu changu huanza kiungo hicho kwa alama ya kujumlisha. Chake, kwa kutoa. Nilimwomba kwa lugha ya staha aifute. Akasema, "Evaristo, ndugu yangu, wewe hata supu ungetaka ikupigie saluti." Nikamwonyesha mlango.

Jumanne, 9 Julai

Siku ya Uhuru. Nimepika locro ya mahindi na maboga katika sufuria ile ile ya watu wawili. Mazoea. Yerba nayo, chai yetu chungu, hunywewa kwa zamu, kibuyu kimoja mkono kwa mkono. Nimejipa zamu zote.

Nimebuni mpango. Taasisi ya fizikia iitangaze alama yangu kuwa ndiyo rasmi. Nicanor atalazimika kurudi na kuomba radhi. Nimeshaanza barua: "Kwa Mheshimiwa Profesa, kwa unyenyekevu usiokosa uthabiti..." Sentensi nzuri sana.

Jumatano, 10 Julai

Ushahidi. Nimefanya hesabu kwa alama yangu, na katikati nikapachika ya Nicanor, ili madhara yake yaonekane. Yameonekana. Elektroni mbili, ambazo mtikisiko wa atomi ulipaswa kuzivuta zikae pamoja, zimesukumana. Nilitamani kumwonyesha mtu. Nimelisomea jiko la kuni.

Alhamisi, 11 Julai

Profesa Delfina Oyarzún wa taasisi amenipokea kwenye korido, koti mkononi. Amesoma yote akiwa amesimama. "Mzee wangu, umechanganya," akasema.

Kwa maelezo yake, alama hutegemea tu upande upi umeamua kuuita mbele atomi inaposogea. Chagua wowote, ila uufuate mpaka mwisho. Mwishoni kiungo hicho huzidishwa chenyewe kwa chenyewe. Kutoa mara kutoa ni kujumlisha, na jibu ni lile lile. Kilichozifarakanisha elektroni zangu si alama ya Nicanor. Ni mimi kuanza na moja na kumalizia na nyingine.

Nikaomba hayo kwa maandishi yenye muhuri. Akacheka. Akauliza ninasoma na nani. Nikasema kwa sasa, na jiko. Akaacha kucheka. "Basi mfuate huyo bwana, Don Evaristo. Haya mambo hayasomwi na mtu peke yake."

Jumamosi, 13 Julai

Nimepanda mlima hadi kwa Nicanor na hotuba ya maridhiano. Hakuniacha nimalize aya ya kwanza. "Ingia bwana, unaniingizia baridi." Tukafanya hesabu bega kwa bega, yeye kwa alama yake, mimi kwa yangu. Jibu moja. Elektroni zikavutana kwake, zikavutana kwangu. Akakaanga torta frita, maandazi yetu bapa. Akanipa kibuyu, nikamrudishia, akanipa tena. Sikumbuki kama upepo ulivuma.

Nimemwahidi kwamba sitagombana naye tena kamwe kwa sababu ya alama.

Jumatatu, 15 Julai

Nicanor alifika mapema, amebeba kuni. Asubuhi njema, hadi ukurasa uliofuata. Nimegundua kwamba kitabu chake huigawanya kanuni waziwazi kwa kipeuo cha pili cha idadi ya atomi, ilhali changu hukificha kigawanyo hicho ndani ya kiungo. Akasema ni kitu kile kile, tuendelee, yerba inapoa. Nikamjibu kwamba ahadi yangu ilihusu alama, vigawanyo havikutajwa. Akachukua kofia yake. Kuni ameziacha.

Barua mpya inakwenda vizuri: "Kwa Mheshimiwa Profesa, kwa mara nyingine..."

Maji yamepata moto. Zamu yangu. Kisha yangu tena.