Kikohozi cha Marehemu Orikasa

Jumatatu, 4 Novemba
Msiba! Mama Orikasa anafunga mkahawa wake mwisho wa mwezi. Miaka arobaini na ushee nimesikiliza jazi pale bila kufungua mdomo, maana anayeongea hutolewa nje.

Halafu habari njema. Santuri zake elfu tatu atampa mtu mmoja tu: yule ambaye gramafoni yake itamwezesha Mama kumsikia vizuri marehemu mumewe. Mwaka 1978 bendi ilirekodiwa mle mle mkahawani, na katika wimbo wa pili, piano ikiwa imetulia, mtu anakohoa. Ni mzee Orikasa. Tangu afariki, miaka kumi na tisa sasa, Mama husikiliza kikohozi hicho kila asubuhi. Anasema sindano yake imechoka na mumewe anazidi kufifia.

Tuliojitokeza ni wawili: mimi na Numata, daktari wa meno. Numata! Mtu anayepangusa santuri kwa mkono wa shati!

Jumatano, 6 Novemba
Nimepita kwa Numata, eti kumsalimia. Amesimamisha nguzo yake binafsi ya umeme bustanini, ili umeme wake usichanganyike na wa majokofu ya majirani. Nikasema imependeza. Roho iliniuma hadi nyumbani. Gramafoni yake ni nzito hata sakafu imebonyea. Akaniuliza kama ile yangu bado nacheza nayo santuri au siku hizi nakaangia samaki. Nikacheka kwa adabu. Atanitambua.

Nimechomoa jokofu, jiko la wali na kiti cha choo kinachopashwa moto kwa umeme. Sauti imesafika kabisa! Fusae, mke wangu, ameketi chooni bila kuambiwa kuwa kiti ni baridi. Ukelele wake ulisikika mtaa wa pili.

Ijumaa, 8 Novemba
Gramafoni bado inatetemeka kidogo. Nimetafuta kitu kizito na kitulivu nyumba nzima. Nimekipata jikoni: jiwe la Fusae la kukandamizia figili kwenye pipa la chumvi, alilorithi kwa mama yake. Kilo kumi na mbili! Nimeliweka kwenye ubao wa gramafoni. Maajabu! Nasikia barafu kwenye glasi. Nasikia kila mtu alipokaa.

Juu ya pipa nimeweka kamusi mbili. Zimevimba.

Fusae amegundua. Ameniambia, Baba Haruka, jiwe la mama yangu lirudi kabla figili hazijaoza, la sivyo utakula wali mkavu mpaka mwaka mpya. Nimeahidi Jumapili jioni. Amejifungia jikoni na kigramafoni chake chekundu cha plastiki, cha tangu usichana. Spika moja! Sauti ya nyuki ndani ya kopo. Aibu ya nyumba hii.

Jumamosi, 9 Novemba
Leo Mama alikuwa kwa Numata. Nilichungulia kutoka uani kwake. Kabla sindano haijashuka, kunguru wawili walitua juu ya nguzo wakiwa na kipande cha waya mdomoni. Paa! Mtaa mzima una umeme isipokuwa nyumba ya Numata. Sikuwatuma mimi. Ule mkate uliniponyoka tu karibu na nguzo yake.

Jumapili, 10 Novemba
Mama amekuja amevaa kimono cheusi. Nikaweka santuri. Kikohozi! Wazi kabisa, kama mtu yumo chumbani! Niliruka juu. Nikamwonyesha kwa kidole kinakotoka: kushoto, karibu na mlango wa choo! Nikamweleza kuwa mashine za kawaida haziwezi hilo.

Mama akasema mumewe alikaa kulia, nyuma ya kaunta, siku zote za maisha yake. Nikarudia, asije akawa na shaka. Kushoto. Nikaicheza santuri mara tatu. Na aliyekuwa akikaa kushoto ni Numata, enzi zile mwanafunzi mwenye kifua kibovu. Nikamwambia na hilo pia. Sijui kwa nini.

Mama akalia. Miaka kumi na tisa ameamka na kikohozi cha daktari wa meno!

Fusae akatoka, akanitazama kwa jicho baya, akamshika mkono wakaenda jikoni. Akampa chai na figili zilizolegea. Kisha akaweka santuri ile ile kwenye kigramafoni chekundu. Spika moja: hakuna kushoto wala kulia. Mtu akakohoa. Mama akafumba macho. Akasema, huyo hapo, na nilimwambia aache sigara.

Santuri elfu tatu amepewa Fusae. Fusae!

Jumanne, 12 Novemba
Maboksi yamejaa chumba changu cha kusikilizia. Sina pa kukaa. Fusae na Mama wako jikoni tangu asubuhi, wanatafuna figili na kucheka. Nilipochungulia wakaniambia nifunge mlango, naingiza baridi. Jiwe limerudi kwenye pipa.

Inaniuma sana, sitaficha. Nimekaa juu ya boksi nikafikiri kwa kina, na kosa langu nimeliona. Jiwe moja halikutosha. Yangekuwa mawili, kikohozi kingehamia kulia chenyewe.

Jirani yetu, Bi Tamaki, ana jiwe la kilo ishirini juu ya pipa lake la kabichi. Alhamisi huenda hekaluni.