Maombi ya Kufutiwa Jumamosi

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Walioacha,
Chumba cha nyuma ya zahanati.

Mama Mwenyekiti,

Natumaini hujambo, na goti lako linaendelea vizuri tangu ulipoteleza kwenye ngazi za zahanati. Mimi ni yule fundi bomba anayekaa kiti cha karibu na mlango, mwenye siku themanini na tatu bila kugusa kinywaji. Uliwahi kusema mbele ya wenzangu kwamba nakaa hapo ili iwe rahisi kutoroka. Umenionea. Nakaa hapo kwa sababu koki ya sinki lenu inavuja, na fundi hawezi kusikiliza mambo ya roho huku anasikia tone.

Kanuni ya tisa ya kikundi inasema mwanachama anayetaka kurudia pombe asiende baa kwa kunyatia, bali aandike sababu zake kwa mkono, aziwekee namba, akukabidhi wewe, kisha asubiri jibu siku saba. Naitii. Tena sitaki kurudia pombe moja kwa moja, naomba hilo lieleweke. Naomba kitu kidogo tu: niruhusiwe kunywa Jumamosi, kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Kama ombi hilo ni zito, basi kikundi kiwaandikie wahusika Jumamosi ifutwe, tuwe tunatoka Ijumaa tunaingia Jumapili. Sababu zangu ni hizi.

1. Jumamosi ni ndefu kupita kiasi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nafunga sanduku la spana saa saba mchana, naingia kwa shemeji yangu mwenye baa, na nikija kushtuka ni Jumapili, watu wanatoka ibadani. Hakuna aliyenionya kwamba hapo katikati kuna saa zote hizo. Jumamosi ya kwanza nililala, nikaamka, nikaoga, nikaoga tena, na bado ilikuwa saa tisa na robo. Nikamuuliza jirani watu hufanya nini muda kama huo. Akasema yeye huosha gari. Mimi sina gari, kwa hiyo nikaosha lake. Jumamosi iliyofuata nilikuta ameliegesha mbele ya mlango wangu, na ndoo pembeni.

2. Soda. Wewe umekuwa muuguzi miaka thelathini, tumbo la binadamu unalijua. Bia kumi zinashuka na mtu anaagiza ya kumi na moja. Soda ya tatu inagoma kooni. Najua umetukataza kukanyaga baa, lakini nilikwenda mara moja kuwasalimu wenzangu wa zamani, nikabeua mpaka mhudumu akanihamishia kiti nje.

3. Marafiki wameharibika. Nina rafiki, mchomeleaji vyuma, tunamwita Redio. Kisa chake cha mbuzi aliyepanda lori nimekicheka miaka kumi na moja hadi mbavu kuuma. Siku hiyo ya soda nikakisikiliza nikiwa na akili zangu timamu. Mama, kisa hakina mwisho. Mbuzi anapanda lori, basi. Wenzangu wamelala chini kwa kicheko, mimi nauliza lori lilikuwa linaelekea wapi. Redio hajanisemesha tangu hapo, na naona kikundi kina wajibu wa kunitafutia rafiki mwingine.

4. Watu wananiamini. Hili limenikera sana. Tangu niache pombe nimeshabebeshwa watoto wachanga wanne. Mtu hata hanifahamu vizuri, ananisogelea kwenye sherehe, ananitazama macho, ananiwekea mtoto mikononi, halafu huyo, amekwenda kucheza muziki. Mama mkwe, ambaye zamani nikiingia kwake alikuwa anahamisha vikombe, kaniachia funguo zote za nyumba na orodha ya maua ya kumwagilia. Na walevi wenzangu ndio wamevuka mpaka. Wakizidiwa wananipigia simu nikawachukue mmoja mmoja hadi makwao, eti siku hizi mimi ndiye mwenye macho. Nimekuwa mtumishi wa umma na barua ya ajira sijaiona.

5. Nakumbuka mambo. Zamani mke wangu akisema niliahidi kutengeneza koki ya jikoni, nilikuwa na utetezi mzuri: sikumbuki. Tena nilikuwa nausema kwa moyo mweupe. Sasa akisema, nakumbuka kwamba niliahidi, nakumbuka siku, nakumbuka na gauni alilovaa. Fundi bomba mzima, kwangu zilikuwa zinavuja koki tatu, na mpira wa kuzizuia hauzidi kifungo cha shati. Ikabidi nizitengeneze zote. Jikoni sasa pametulia, watu wa nyumbani wanapenda kukaa humo jioni, na hapo ndipo balaa la sita lilipoanzia.

6. Binti yangu. Ni mtoto wetu wa kwanza, ana miaka kumi na moja. Tunacheza drafti kwenye meza ya jikoni kwa kete za vizibo vya chupa. Upande mmoja ni vizibo vya bia, nilivikusanya mwenyewe kwa juhudi zangu. Naomba iandikwe kwamba katika nyumba ile mimi nilikuwa bingwa. Nikirudi nimelewa nikaita drafti, nilikuwa namfunga tano bila, na ubao wenyewe nauona mbilimbili. Sasa nimeacha, kichwa kimetulia, kila hatua naipima, na mtoto ananifunga kila jioni. Anakula kete tatu kwa mpigo, anaingia kingi, halafu ananiuliza kwa upole kama nimechoka. Nikaanza kuamini kwamba akili yangu yote ilikuwa kwenye chupa.

Leo nikamuuliza mama yake. Hakuacha kukunja nguo. Akasema mtoto alikuwa anajifungisha makusudi, kwa sababu baba akishinda alikuwa analala, na akishindwa alikuwa anapiga meza na kutafuta mtu wa kulaumu. Alianza kujifungisha akiwa na miaka saba.

Mama Mwenyekiti, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kumpa mtu habari kama hiyo hana hata glasi moja ya kujifichia ni ukatili, na nakilaumu kikundi chako. Nilitoka, miguu ikashika njia ya kwa shemeji bila kuniuliza. Nilipofika kona nikaikumbuka kanuni ya tisa, nikarudi nyumbani kutafuta kalamu. Usishangae mwandiko wa sehemu hii.

Kwa sababu hizo zote naomba ruhusa yangu. Nikitimiza siku saba bila jibu, nitahesabu umekubali, na Jumamosi itakayofuata, kuanzia saa nane mchana, usinitafute nyumbani.

Nisalimie mzee wako, na yule kinyozi anayesinzia mikutanoni, na wanachama wote, waliotulia na wanaotapatapa kama mimi.

Ni mimi, mwanachama wako mtiifu kwa sasa,
Fundi bomba.

Tanbihi: Barua hii imekaa mfukoni wiki nzima, maana kila nikitaka kuileta napata kazi. Nakukabidhi hivyohivyo kwa kuwa nimeshaiandika, ila naomba usiijibu. Jana Jumamosi, kwenye saa kumi alasiri, nimemfunga binti yangu. Nimemfunga kihalali, mama yake alikuwa anatazama. Mtoto alilia kwa hasira, akasema nimesogeza kete alipogeuka, akaniita mwizi, akapindua ubao mzima na kwenda kubamiza mlango wa chumba chake. Mbele yangu, Mama, bila hata kuniangalia nimekunja uso au la. Zamani asingethubutu. Nilipiga magoti nikaokota vizibo ishirini na vinne, vingine hadi chini ya kabati, huku nacheka na machozi yananitoka. Baadaye akamtuma mama yake aniambie anataka marudiano Jumamosi ijayo, saa nane mchana kamili. Nimejibu kwamba nitakuwepo.