Kirusi Mlangoni mwa Seli

Jumatatu, 3 Machi
"KIRUSI HAKIVUNJI MLANGO WA SELI. HUFUNGULIWA." Shemeji, muuguzi wa zahanati, kabandika madai hayo kwenye ubao wa maktaba, atayatolea hotuba Jumamosi. Upuuzi. Nimesoma riwaya zote za Kirusi zilizomo humo, nayajua magereza yao. Nani aliwahi kufunguliwa seli kwa kujua lugha? Tena muuguzi ndiye anayealikwa, na mimi mwandishi naambiwa nisubiri zamu. Nitamjibu hadharani.

Jumanne, 4 Machi
Nimemsomea mke wangu hoja zangu kuhusu magereza. Kacheka hadi kakaa chini. Eti baba watoto, kaka yangu anazungumzia kirusi cha homa ya ini B na seli za ini. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya: kumtangulia kwa mada yake mwenyewe. Mkutubi kanipa Ijumaa. Hotuba imefika nusu: kirusi hupitia mlango ambao seli ya ini imeuweka kwa ajili ya chumvi za nyongo. Halafu? Sijui.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda zahanati kumjulia hali shemeji, hotuba mkononi. Alipoona pengo hakuvumilia, kalijaza mwenyewe. Kumbe kirusi nacho huingia na vinasaba visivyokamilika. Seli huvikamilisha kwa zana zake, vikawa duara linalojikalia ndani ya kiini cha seli miaka na miaka. Kutoka kwenye duara hilo seli hutoa maagizo, huunda maganda. Agizo hufungwa ndani ya ganda, hugeuzwa vinasaba tena, na kirusi kipya hutoka kwenda kwa jirani. Kanitolea nakala kwa mashine yake. Kaniuliza lini nitakuja kupimwa, maana shem, ini halipigi kelele. Nikasema nina kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimehutubia. Makofi ya adabu. Fundi cherehani kauliza: kwa hiyo mwenyeji anafanya kazi yote, mgeni anatoka na sifa? Ukumbi mzima ukamtazama shemeji, ukacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kasema somo limeshatolewa, yeye atapima na kuchanja tu. Foleni imefika barabarani. Mke wangu yumo, kaniwekea nafasi. Nimekataa. Nitoe mkono wangu kwa mshindani? Naandika makala ya kumpinga. Imekwama katikati, kesho nitampelekea ainyooshe.

Nanyi wasomaji wa maktaba mliojipanga pale: semeni hadharani, somo hili mlilisikia kwanza kwa nani?