Yah: Kushushwa kwa Kolesteroli Yangu Bila Ridhaa Yangu

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu, Zahanati ya Soko,

Salamu zikufikie hapo mezani kwako, chini ya feni isiyozunguka. Mimi ni muuza nyama wa bucha inayotazamana na lango lako, yule wanayemwita Steki. Nimevuka mipaka mitatu juu ya lori la ng'ombe, nimekula na mabaharia na mahakimu, kwa hiyo usidhani anayekuandikia haijui dunia. Shule niliishia darasa la sita, lakini hilo ni wivu wa mwalimu wa hesabu.

Bwana Daktari, ulituma wauguzi sokoni watupime damu. Nikanyoosha mkono kiungwana, majibu yakatoka: mia tatu na kumi na mbili! Muuza samaki hakufika hata mia mbili. Maishani mwangu sijawahi kushika namba moja, hata kwenye foleni. Nikaibandika karatasi ukutani juu ya mizani, nikanywesha soko zima soda. Ndipo muuguzi wako, binti anayeniita baba kila asubuhi, akasoma na kusema, "Baba, hii tunaishusha." Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Kila kitu kinapanda: bei ya sukari, kodi ya vibanda, sauti za wagombea. Hakuna ofisi iliyotuma mtu na sindano. Changu kimoja, kilichopanda kwa jasho langu mwenyewe, ndicho mnachokivamia.

2. Niliamriwa kutembea nusu saa kila siku. Steki, kwa miguu! Watu wakadhani gari langu limekufa. Watatu walisimama kunipa lifti, nikawakatalia. Wa nne alikuwa shemeji, na shemeji hakataliwi.

3. Kidonge. Mimi nabeba paja la ng'ombe begani kama wengine wanavyobeba mwavuli, halafu niokolewe na kitu kidogo kuliko punje ya mchele? Nipewe kinacholingana na umbo langu.

4. Mke wangu. Hapa naomba usome polepole. Siku ile sokoni wote walishangilia, yeye hakucheka. Alikaa juu ya kreti ya soda akalitazama shoka la kaka yangu mkubwa, lililoning'inia ukutani tangu alipoanguka palepale kwenye gogo la kukatia nyama, ana miaka hamsini na miwili tu, mtu asiyewahi hata kukohoa. Kisha akaibandua karatasi. Tangu hapo kikaango kimefungiwa kabatini, na ufunguo anatembea nao kifuani, mahali ambapo siku hizi hata mume naombea ruhusa. Nakula majani kama mbuzi aliyeokoka. Ndoa ya miaka ishirini na saba, imefikishwa hapa na idara yako!

5. Wewe mwenyewe. Kila Jumamosi unakuja kuchukua kilo mbili za mbavu, unaangalia kushoto, unaangalia kulia, unaninong'oneza, "Steki, mafuta usiyaguse." Siku ya kupimwa ulikuwa wapi? Wanasema mkutanoni. Mganga hajigangi, sawa, wahenga walisema. Hata kujipima, Bwana Daktari? Tumbo lako nalijua uzito bila mizani.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe karatasi yangu na nafasi yangu, kikaango kifunguliwe kwa barua yenye mhuri wako, na kama kushusha ni lazima, basi tushushe kuanzia juu, yaani kwako.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, na mama watoto wako, ambaye najua hajui habari za Jumamosi.

Wako mtiifu, shingo upande,

Steki
Bingwa wa Kolesteroli wa Soko (aliyevuliwa taji)

Nyongeza: Vidonge vimebaki vitatu. Tafadhali mpe vingine mleta barua. Ni mke wangu, usimwonyeshe kifungu cha nne. Mwezi ujao natimiza hamsini na miwili. Jana binti yule alinipima tena, nimeshuka mpaka mia mbili na kumi na nne. Sijawahi kufurahia kufeli namna hii. Na mbavu zako za Jumamosi hii nimezitoa mafuta yote kwa mkono wangu. Usininunie. Ukianguka wewe, mimi nitamlalamikia nani?