Miguu Miwili ya Idara ya Utulivu

Kitendawili! Nina ng'ombe wangu, ana miguu miwili ya mbele, ya nyuma hana, na wakubwa wameapa kwamba anasimama. Hujui? Nipe mji basi. Kitui mjini sitaki, una wenyewe wengi. Nipe Kanyangi, siku ya soko. Ahsante, nimeshaila Kanyangi. Lakini jibu sikupi sasa. Yuko mtu anayepaswa kulitoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Mtu huyo ni Bwana Jonah Kivuva, Mkurugenzi Msaidizi wa Idara ya Utulivu. Kazi ya idara hii ni kuhakikisha mambo hayatikisiki, na tangu ianzishwe hakuna jambo lililosogea. Asubuhi moja aliwakusanya wafanyakazi wote, akapanda juu ya kreti ya soda, akatangaza:

"Nina furaha kuwajulisha kwamba idara yetu imeingia rasmi katika zama za miguu miwili!"

Makofi yakalia. Karani aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja akaushusha wa pili upesi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka ofisi za Kitui na za Makueni hukutana kwenye uwanja wa shabaha kule Malili, na bunduki ndogo za risasi nyembamba, zile ambazo hata zikilia jirani hudhani ni mlango umefungwa. Mtu huketi kwenye benchi mbele ya meza, hulenga mikebe mitupu, kisha wote hula mbuzi. Ni mchezo tu. Lakini mwaka huu Katibu, Madam Wamaitha, alisema atakuja, na papo hapo atamtaja Mkurugenzi kamili wa Utulivu. Kiti kilikuwa wazi. Bwana Kivuva alikitaka kama mbuzi anavyotaka mahindi ya jirani. Mwenzake ofisini, Madam Mutanu, alikitaka pia, ila yeye alikitaka kimyakimya.

Sasa, mwaka uliopita bunduki ya idara ilitetemeka mikononi mwa mlengaji, watu wakaona. Idara ya Utulivu haiwezi kutetemeka mbele ya Katibu. Ndipo ikaundwa Kamati Teule ya Miguu, ichague stendi ya miguu miwili ya kufunga chini ya bunduki. Wenye kuijua huiita baipodi.

Ngure, anayetunza uwanja wa Malili na kuuza vifaa vyake, alileta mbili.

"Hii fupi ndiyo ya benchi," alisema. "Unaketi, bunduki inakufikia begani. Chini iko na mpira, haitelezi mezani. Na kama meza imeinama, unalegeza skrubu hii, unasawazisha. Bunduki yenyewe haina teke, kwa hivyo msinunue chuma kizito bure. Nyuma, chini ya kitako, mnaweka kamfuko kadogo, basi."

"Na hii ndefu?"

"Hiyo ni ya porini, nyasi zikiwa zimekuficha. Kwa benchi, mimi siwezi kuwashauri."

"Fupi inatosha," akasema Mutanu.

"Madam Mutanu," akasema Kivuva kwa upole, "umewahi kuona mkubwa akiangalia mambo kutoka chini?"

Ndefu ikapita bila kupingwa, kwa sababu hakuna aliyeulizwa kama anapinga.

Zikabaki changamoto ndogo za utekelezaji. Baipodi ndefu ilipowekwa mezani, bunduki ilifika juu ya kichwa cha mtu aliyeketi. Kamati haikubabaika. Ilipendekeza kiti cha mlengaji kipandishwe juu ya mawe ya kujengea. Kikapandishwa. Bwana Kivuva akakikwea, akatazama dunia kutoka kule, akaona ni jambo alilostahili siku nyingi.

Kisha, kwa kuwa siku hizi hata choo hakichimbwi bila kuwauliza wananchi, kamati ikashuka Kanyangi na hema, meza na viti vya plastiki. Bunduki haikuruhusiwa kutoka Malili, hivyo baipodi ilifungwa kwenye mpini wa ufagio. Ikatangazwa kwamba kila atakayeuliza swali atapewa soda.

Mama Kalunde, muuza ndengu, alikuwa na kiu. Akasimama.

"Mwanangu Kivuva, hiyo miguu miwili iko mbele. Mguu wa tatu uko wapi?"

"Mama, hii ni baipodi. Haina mguu wa tatu."

"Aiya! Na mbona umeshika hapo nyuma na kidole?"

Umati wote ukatazama kile kidole. Bwana Kivuva akakiondoa kuonyesha uwazi wa serikali. Nyuma ya ufagio ikaanguka mezani pwaa, na mbele ikatazama mbinguni.

"Swali limepokelewa," akasema Kivuva. "Litajibiwa Malili, siku yenyewe."

"Nitakuja," akasema Mama Kalunde. "Na soda yangu iwe ya baridi."

Usidhani Bwana Kivuva alikuwa mjinga. Aliporudi ofisini alitoa Agizo Maalum: bunduki ya idara isiinue pua mbele ya Katibu, na ambaye itainua pua mikononi mwake, huyo hafai cheo chochote cha utulivu. Alijua Mutanu ndiye hubeba vifaa, na mikono ya mbebaji huteleza. Kisha, asije mtu mwingine akaonekana kwenye picha, akaongeza: siku hiyo bunduki ataishika aliye mkubwa peke yake.

Siku ikafika. Watu wa Makueni walikuwa na baipodi fupi, na nyuma ya bunduki wakaweka soksi iliyojazwa ndengu za Kalamba. Mikebe yao ikaruka mmoja baada ya mwingine. Bwana Kivuva, juu ya mawe yake, akafyatua mpaka risasi zikaisha. Zote zikaingia kwenye tuta la udongo nyuma. Mikebe ya Kitui haikutikisika hata kidogo, jambo ambalo aliliripoti kwa sauti kama mafanikio ya idara.

Ngure akaikagua bunduki, akaona ni tupu, akafunga uwanja. Moshi wa mbuzi ukaanza kuita. Katibu akapanda jukwaani.

"Anayekitaka kiti cha Mkurugenzi," akasema, "aje hapa mbele tumwone."

"Niko hapa, Madam!" akaita Kivuva, bado kitako cha bunduki kiko begani.

"Ninasema hapa mbele, Bwana Kivuva."

"Ngure! Kuja unishikie hii!"

"Pole, mkubwa," akasema Mutanu, akikunjua karatasi. "Agizo lako: ataishika aliye mkubwa peke yake."

"Basi nitailaza chini."

"Ukiilaza itainua pua. Nisome na hapo?"

"Usisome!"

"Ni nini hiyo?" akauliza Katibu. "Soma."

Mutanu akasoma yote, polepole, kama mtu anayesoma Zaburi. Kisha akatembea mpaka jukwaani na mikono mitupu. Katibu akautazama mkono mmoja, akautikisa, na Idara ya Utulivu ikapata Mkurugenzi.

"Na yule wa kule juu?" akauliza Katibu.

"Amefanya uamuzi wa kubaki," akasema Mutanu. "Tuende tukale, nyama inapoa."

Wakaenda. Jua la Malili likampata Bwana Kivuva vizuri pale alipoinuliwa. Bega likaanza kumuuma. Kila alipotaka kulegeza, pua ya bunduki iliinuka kidogo, naye akairudisha, maana agizo lilikuwa na sahihi yake.

Mama Kalunde akaja taratibu, soda mkononi, ubavu wa mbuzi kwenye sahani. Akasimama chini ya yale mawe, akamtazama kuanzia viatu hadi begani.

"Mwanangu," akasema, "ulisema utanijibu huku. Mguu wa tatu uko wapi?"

Bwana Kivuva akautazama ule ubavu. Akameza mate.

"Ni mimi, mama."